Dakika 15 za rangi: mwongozo kamili wa kuwapumzisha wanafunzi wa sekondari kwa picha za anime

Ukitaka kujua wanafunzi wako wanapenda nini, kusanya daftari za Kidato cha Tatu uzifungue kuanzia nyuma. Mimi nilikuta macho. Macho makubwa yenye kope nzito, nywele zilizosimama kama ndimi za moto, panga, mbawa, na koti refu lililochorwa kwa umakini kuliko mchoro wa moyo wa binadamu uliokuwa kurasa chache nyuma yake. Aliyechora ni kijana ambaye walimu wote tulimjua kwa kusinzia vipindi vya mchana. Nilimwamuru aurarue ukurasa ule, na ninajuta hadi leo, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na mtoto aliyekwisha kujitafutia mapumziko yake mwenyewe na mimi nikamnyang'anya.

Tangu hapo nimekuwa mlezi wa klabu ya sanaa, na nimejifunza kuyaleta yale ya kurasa za nyuma, michoro ya mtindo wa anime (katuni za Kijapani), mezani, kwa utaratibu, ndani ya ratiba. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari, mlezi wa bweni au kiongozi wa klabu anayetaka kufanya hivyo. Unaweza kuutumia pia nyumbani na kijana wako anayejisomea.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloangusha wengi: picha ikatwe kwa kipimo cha dakika ulizonazo. Ukimpa mwanafunzi picha ya saa tatu katika mapumziko ya robo saa, hujampumzisha. Umemwongezea kiporo.

Kwa nini anime, na kwa nini picha iliyokwisha kuchorwa mistari

Anime ya televisheni ilizaliwa na haraka. Mchora katuni wa Kijapani Osamu Tezuka alipoanza kurusha mfululizo wake wa katuni wa kila wiki kwenye televisheni ya Japani, tarehe 1 Januari 1963, studio yake haikuwa na fedha wala watu wa kuchora kila kitu upya. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde. Wao waliuacha mchoro mmoja usimame kwa picha tatu, hivyo michoro 8 ikatosha sekunde nzima. Mistari ikarahisishwa, rangi nazo zikawekwa bapa: rangi moja ya msingi, rangi moja ya kivuli, na mahali padogo pa kung'aa.

Kabla kompyuta hazijashika kazi hiyo, mistari iliwekwa kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, kisha rangi ikapakwa upande wa nyuma ili brashi isiufunike mstari. Mpakaji hakukaa akiwaza nguo ya mhusika iwe rangi gani. Kulikuwa na chati iliyokwisha amua kila kitu: nywele rangi hii, kivuli cha nywele rangi ile, na wakati mwingine chati nyingine kwa matukio ya jioni au ya usiku.

Sasa litazame hilo kwa jicho la mwalimu. Ni kazi ya mkono isiyohitaji maamuzi mengi, yenye mipaka inayoonekana, na inayoweza kukatwa vipande vipande. Kichwa kilichochoshwa na vipindi viwili vya fizikia vilivyofuatana hakihitaji maamuzi mengine. Kinahitaji mpaka na rangi.

Wenzangu wa sanaa huniuliza kwa nini nisiwape karatasi nyeupe wachore watakacho. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser walichapisha jaribio lao na wanafunzi 84 wa chuo huko Marekani. Kwanza waliwatia wasiwasi kidogo, kisha wakawapa dakika 20: kundi moja likapaka rangi mchoro wa duara wenye nakshi, jingine likapaka mchoro wa mirabaraba, la tatu likapewa karatasi tupu. Wasiwasi ulishuka zaidi kwa makundi mawili yaliyokuwa na mistari ya kujaza. Karatasi tupu haikusaidia hivyo. Hilo linafanana na ninachokiona darasani: mwanafunzi aliyechoka akipewa karatasi tupu, robo ya muda inaishia kwenye kuuliza "nichore nini, mwalimu?" na robo nyingine kwenye kufuta.

Lipo pia jaribio la Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, la mwaka 2009. Watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu wenye kuchosha. Nusu yao walikuwa wakijaza maumbo kwa penseli huku wakisikiliza, na ndio waliokumbuka zaidi, kwa asilimia 29. Jaribio lile lilipima usikivu wa jambo la kuchosha, kwa hiyo usilitumie kumwahidi mzazi kwamba rangi zitapandisha alama za hesabu. Mwambie ukweli: mtoto atapumzika akiwa ametulia, na atarudi kwenye kitabu akiwa macho.

Hatua ya kwanza: tafuta dakika zako

Chukua ratiba ya shule ukae na mwalimu wa taaluma. Usianze na wanafunzi, maana ukiwaahidi kitu kisha ratiba ikakataa, umepoteza imani yao.

Mapumziko ya chai hayafai. Wanafunzi wana njaa, wana hamu ya kukimbia na kupiga soga, na wanapaswa kufanya hivyo. Rangi zisichukue nafasi ya mpira wala ya uji. Nafasi nzuri ni zile ambazo mwanafunzi angekuwa amekaa tu huku akili imeshazima. Kwa shule za bweni, katikati ya prepo ya jioni panafaa sana. Kwa shule za kutwa, tumia pengo kati ya kipindi cha mwisho na masomo ya ziada. Kwa anayejisomea nyumbani, ni baada ya dakika 50 hivi za kusoma mfululizo.

Robo saa inatosha, mara tatu kwa wiki. Kati ya dakika hizo 15, hesabu 2 za kugawa, 10 za kupaka na 3 za kurudisha vifaa na kufungua daftari. Nimejaribu kila siku, na kufikia wiki ya tatu hamu ilikuwa imekwisha. Nimejaribu pia mara moja kwa wiki, wakasahau walipoishia.

Hatua ya pili: vifaa, bila kuifilisi shule

Penseli za rangi za boksi la 12 ndizo rafiki yako. Hazimwagiki, hazinuki, na zinakubali tabaka juu ya tabaka. Maka peni zinavutia kwa rangi zilizokolea, ila kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi wino hupenya hadi upande wa pili na kuchafua meza. Krayoni za nta ni nene mno kwa jicho la mhusika wa anime. Rangi za maji ziache kwa siku ya klabu yenye saa nzima.

Kwa darasa la watu 40, wagawe wanne wanne, kila kundi boksi moja: maboksi 10. Karatasi ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Picha moja ikae kwenye nusu ya A4 na itumike wiki nzima. Hapo wanafunzi 40 wanamaliza karatasi 20 kwa wiki, yaani 240 kwa wiki 12. Hiyo haifiki nusu ya rimu moja.

Nunua vichongeo vya chuma, viwili kwa kila makundi matatu, na kopo la kutupia takataka za penseli. Vichongeo vya plastiki huvunja ncha, na ncha zikivunjika kila mara boksi haliishi hata mwezi. Wafundishe pia wasiangushe penseli sakafuni. Risasi ya ndani hukatikakatika bila kuonekana, halafu kila ukichonga kipande kinadondoka.

Andika jina la rangi kwenye kila penseli kwa kalamu ya wino usiofutika. Darasani mwako anaweza kuwamo kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani, na huenda hajawahi kumwambia mtu. Jina likiwa limeandikwa, atachukua penseli sahihi bila kuuliza na bila kuchekwa.

Hatua ya tatu: tengeneza picha yenyewe

Hapa ndipo kazi kubwa ya mlezi ilipo, na ndipo ninapoomba usikimbilie kuchapisha picha za mtandaoni. Wahusika maarufu wana wenyewe, na sheria za hakimiliki zipo Tanzania na Kenya pia. Isitoshe, picha nyingi za bure huwa na mistari iliyofifia, sehemu ndogondogo zisizopakika, na mavazi ambayo mkuu wa shule hatayakubali. Una wanafunzi wanaochora. Watumie.

Waite wachoraji watatu au wanne wa klabu, wale wa kurasa za nyuma, uwape kazi rasmi ya kubuni wahusika wa shule. Kijana wangu wa macho makubwa alikuwa wa kwanza kuitwa. Aliuliza mara mbili kama ninamaanisha.

Mchoro uanze kwa penseli ya risasi. Kichwa ni duara lenye kidevu kilichochongoka kidogo. Pitisha mstari wa wima katikati na mstari wa ulalo chini kidogo ya nusu ya kichwa, kwa kuwa macho ya anime hukaa chini kuliko ya mtu halisi. Macho yawe makubwa, pua iwe alama ndogo tu, mdomo mstari mfupi. Nywele zichorwe kwa mafungu makubwa, wala si unywele mmoja mmoja. Fungu moja ni eneo moja la kupaka. Mhusika akishakamilika, pitishia mistari kwa kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, mstari wa nje mnene kidogo kuliko wa ndani, kisha futa penseli.

Kuna mambo matatu ya kukagua kabla ya kupeleka fotokopi. Kila eneo liwe limefungwa, kwa sababu mstari ulioachwa wazi humfanya mpakaji asijue rangi iishie wapi. Eneo dogo kuliko yote lisiwe dogo kuliko punje ya mahindi. Na jumla ya maeneo iwe kati ya 12 na 18. Zaidi ya hapo, wiki itaisha picha ikiwa nusu.

Halafu chora mipaka ya vivuli kwa nukta nukta: chini ya kidevu, chini ya nywele za paji la uso, upande mmoja wa koti. Studio za Kijapani nazo huonyesha mpaka wa kivuli kwenye mchoro kabla haujafika kwa wapakaji. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma sanaa ataweka kivuli mahali pake kwa kufuata nukta zile, na ataona uso ukijitokeza kutoka kwenye karatasi. Furaha ya kuliona hilo mara ya kwanza ni kubwa. Nimewaona wanafunzi wakisimama na kuisogeza karatasi mbali ili waitazame vizuri.

Mwisho, gawa picha katika vipande vitatu kwa alama ndogo pembeni: siku ya kwanza nywele, siku ya pili uso na macho, siku ya tatu mavazi. Kila siku ina mwisho wake, na kengele inamkuta mwanafunzi akiwa amemaliza kitu.

Hatua ya nne: chati ya rangi

Bandika chati ukutani au ichore ubaoni. Rangi tano zinatosha kwa picha moja, kila moja na mwenzake wa kivuli. Kivuli kisiwe cheusi. Nyeusi juu ya njano hutoa rangi chafu. Njano ipewe kivuli cha chungwa, chungwa kipewe nyekundu, nyekundu ipewe zambarau, kijani na samawati vipewe buluu. Nyeusi ihifadhiwe kwa mboni na kope.

Chati ni msaada. Anayetaka nywele za kijani wakati chati inasema buluu, mwache. Ila chati iwepo, kwa sababu wengi waliochoka hushukuru kuambiwa.

Hatua ya tano: fundisha mkono, mara moja tu

Siku ya kwanza tumia robo saa yote kuonyesha. Baada ya hapo usifundishe tena hadi mtu aulize.

Penseli ishikwe mbali kidogo na ncha, ilazwe, ipite kwa mkono mwepesi kuelekea upande mmoja. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja iliyokandamizwa, kwa sababu ukikandamiza, karatasi inang'aa na haipokei rangi nyingine. Anza kwenye ukingo wa mstari kisha jaza ndani. Weka karatasi ya ziada chini ya kiganja ili jasho lisipakaze.

Nywele: paka rangi ya msingi lakini uache utepe mweupe unaozunguka kichwa kama pete. Wajapani huuita pete ya malaika, na ndio unaozifanya nywele za anime zionekane zinang'aa. Nywele nyeusi hazipakwi nyeusi tupu. Tanguliza buluu, paka nyeusi juu yake, na uache buluu ionekane pembeni mwa utepe. Kwa nywele za kusuka au za kipilipili, weka mng'ao mdogo kwenye kila msuko au fungu, maana utepe mmoja hautaonekana wa kweli.

Macho: juu yakolee, chini yafifie, kwa sababu kope huangusha kivuli juu ya mboni. Acha nukta moja nyeupe bila kuigusa. Ikipakwa kwa bahati mbaya, tone la kalamu ya wino mweupe ya kufutia makosa litaiokoa.

Kuhusu ngozi nataka kuongea kwa kirefu. Maboksi mengi yana penseli moja ya pichi iliyofifia, na wanafunzi wetu wameizoea kwa jina la "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Nimewaona wasichana wenye weusi wa kupendeza wakipaka mhusika waliyembuni wenyewe, mwenye nywele zao na jina la Kiswahili, kwa pichi ile, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Waonyeshe siku hiyohiyo ya kwanza.

Kwa ngozi ya maji ya kunde: tabaka jepesi la njano uso mzima, juu yake chungwa kwa mkono mwepesi, kisha kahawia tabaka moja. Kivuli cha chini ya kidevu na pembeni mwa pua ni tabaka la pili la kahawia lililotanguliwa na zambarau kidogo. Kwa ngozi nyeusi iliyokolea: anza na buluu au zambarau kwenye maeneo ya kivuli tu, halafu paka kahawia uso mzima, tabaka mbili hadi tatu, ukipunguza mkono kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Hapo karatasi itang'aa yenyewe kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mdomo uwe kahawia yenye nyekundu ndani yake. Jaribu wewe kwanza nyumbani kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu kila aina ya penseli ina kahawia yake, nyingine nyekundu zaidi, nyingine kama udongo.

Uwaambie pia kwamba penseli ile inaitwa pichi. Jina likibadilika, mkono unafuata.

Hatua ya sita: kuendesha kipindi

Kabla hujagawa chochote, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari la somo sentensi moja: amefika wapi na anaanza na nini akirudi. "Nimemaliza swali la 4, la 5 nianze kwa kutafuta kasi." Kazi hii ya nusu dakika ndiyo inayofanya mapumziko yasigeuke kuwa mwisho wa kusoma. Bila sentensi hiyo, kurudi kunachukua dakika 10 za kupekua kurasa.

Kisha wagawaji, mmoja kwa kila kundi, wachukue boksi na karatasi. Weka saa mezani ambapo wote wanaiona. Simu hazihitajiki, na katika shule nyingi haziruhusiwi, kwa hiyo picha zote ziwe za karatasi. Mazungumzo ya chini kwa chini yaruhusiwe. Usipite ukikosoa. Ukitaka kupita, pita ukiwa na karatasi yako mwenyewe, na bora zaidi ukae upake nao. Mwalimu anayepaka rangi huku akisubiri saa huwafundisha utulivu kuliko anayesimama mlangoni.

Zikibaki dakika 3, sema mara moja: "Malizia eneo ulilonalo." Wakusanyaji wahesabu penseli 12 ndani ya kila boksi kabla boksi halijafungwa. Karatasi zisibaki kwa wanafunzi. Ziingie kwenye faili la darasa na zirudi kipindi kijacho. Hilo linazuia picha kufuatana na mtu hadi kwenye somo la kemia. Daftari lifunguliwe, sentensi isomwe, kazi iendelee.

Mambo yatakayokukwaza

Kutoa alama. Utashawishika, na wakuu wanaweza kuomba maonyesho au mashindano. Kataa kwa upole. Siku picha itakapopewa alama, wasiojua kuchora watajificha, nao ndio wengi wanaohitaji kupumzika. Kwa sababu hiyohiyo usiifanye zawadi ya waliofaulu jaribio wala usiwanyime waliokosea. Aliyefeli jaribio la asubuhi ndiye mwenye kichwa kizito zaidi jioni.

Kejeli pia. "Unapaka rangi kama chekechea?" Itasemwa wiki ya kwanza, mara nyingi na wavulana wa kidato cha juu. Mimi huwaeleza namna rangi zinavyopakwa studioni: kuna watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hii, na jina la msimamizi wa rangi huandikwa mwisho wa filamu. Asiyetaka kabisa asilazimishwe. Apumzike kwa namna yake, mradi asiwavuruge wengine.

Wazazi na viongozi wa dini wakiuliza, waonyeshe faili. Baadhi ya anime ni kwa watu wazima tu, na hofu yao ina msingi. Ndiyo sababu nyingine ya kubuni wahusika wenu: mavazi ya heshima, hakuna damu, na hakuna anayelazimika kutazama filamu yoyote ili kushiriki. Mzazi mmoja aliyefika akiwa na mashaka aliondoka na nakala mbili za kumpelekea mtoto wake mdogo.

Na yupo atakayeng'ang'ania kuendelea wakati muda umekwisha. Mara nyingi picha yake ina maeneo mengi kuliko uwezo wake. Mpe yenye maeneo 10 wiki inayofuata badala ya kumkaripia. Akiendelea vivyo hivyo, hata kwa picha ndogo, keti naye faragha. Wakati mwingine anachokikimbia ni somo lenyewe, na hapo anahitaji msaada wa kueleweshwa.

Mkishazoea

Baada ya mwezi mmoja, badilisheni mavazi. Mhusika wa anime akivalishwa kanga, eneo la nguo linakuwa darasa zima: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na nafasi ya jina ambapo mwanafunzi anaandika msemo wake mwenyewe. Rangi za kanga ni chache na zimekolea, kwa hiyo chati inabaki ileile. Nyuma ya mhusika wekeni ndege au chui kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Mistari iliyo wazi na rangi bapa ziko huko pia, na mitindo hiyo miwili hukaa pamoja kana kwamba ilikuwa jirani tangu zamani.

Mnaweza kufanya picha kubwa ya pamoja. Mchoro mmoja ugawanywe miraba 40, kila mraba kwenye karatasi yake, kila mwanafunzi apake wake kwa kufuata chati. Miraba ikibandikwa kwenye manila, mishono haitalingana vizuri, nayo acheni hivyo hivyo. Wanafunzi hutafuta mraba wao miezi mingi baadaye.

Karibu na mitihani, hasa Kidato cha Nne wanapoingia Oktoba na muda umebana, punguza kila kitu. Badala ya nusu ya A4, chapisha vipande vya alamisho vya sentimita 5 kwa 14, kila kimoja na uso mmoja wenye maeneo 6 tu. Vinatoka 8 kwenye karatasi moja, hivyo karatasi 5 zinatosha darasa la watu 40. Hupakwa kwa dakika 10, hukaa ndani ya kitabu, na mwanafunzi akifungua ukurasa aliokwamia jana anakuta macho yale makubwa yakimtazama.